Maksai Juu ya Paa

Theophil alipoanza kuchimba mteremko wa kiwanja chake kule Singe, watu walidhani anachimba choo. Fundi mwashi wa miaka yote ile, halafu anajizika! Kumbe alikuwa anajenga nyumba. Ukuta wa nyuma ulikuwa kilima chenyewe, na juu alilaza magogo ya mkaratusi yaliyobanana, mbao, nailoni nzito na udongo. Kisha akapanda nyasi za kununua.

Yote hayo kwa ajili ya mama yake, Kandida. Bibi huyo alizaliwa Mbulu ndani ya nyumba ya namna hiyo, na hakutaka kabisa kuhamia chini ya mabati. "Mvua ikinyesha ni kama watu wanakupigia madebe kichwani," alisema. Hata nyumba hii aliiwekea sharti: "Nitakuja kuitazama. Ikinidondokea punje moja ya udongo, narudi kwangu."

Jumamosi ikafika, bibi yuko njiani, na paa lina kipara katikati. Kila asubuhi maksai wa jirani yao, Yoakimu, aliteremka kilimani na kuingia juu ya nyumba kama anaingia shambani.

"Yoakimu! Ng'ombe wako yuko juu ya nyumba yangu!"

"Baba Irine, ni wewe uliyejenga chini ya malisho yangu!"

Theophil akapanga matawi ya miba ukingoni mwa paa. Redempta, mkewe, akamcheka. "Wenzako wanaezeka bati, wewe unaezeka miba."

"Chemsha chai, Mama Irine. Niache."

Bibi Kandida alishuka kwenye bajaji mikono mitupu. Begi aliliacha humo humo, dereva akaambiwa asubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tuingie."

Alikuwa hajafika nusu ya kikombe pale juu ilipolia *du*, halafu tena *du*. Magogo yakaguna. Theophil akatamani kusema ni upepo, lakini uongo hakuwahi kuuweza.

"Maksai wa jirani, mama. Nimeweka miba, mshenzi ameivuka."

Bibi alikisogeza kikombe chake hadi katikati ya meza, chini kabisa ya kishindo, akakiinamia. Maksai alitembea, akasimama, akakojoa bila haraka. Chai ya maziwa ilibaki safi, nyeupe, haina hata doa.

Bibi akaimaliza.

"Marehemu baba yako alikuwa akimaliza paa anapandisha ng'ombe kwanza," alisema. "Ndipo tunaingiza vitanda. Nilikuwa najiuliza kama utakumbuka."

"Sikukumbuka, mama."

"Najua. Umeweka miba."

Wakatoka, wakapanda juu kwa kupitia nyuma. Maksai aliwatazama huku akitafuna. Pale kwenye kipara, bibi akapekua samadi ya siku nyingi kwa fimbo yake. Majani mabichi yalikuwa yamechomoza humo, mengi, mazito kuliko yale ya kununua.

"Unaona? Huyu anakula nyasi zako za dukani, anakupandia za hapa hapa. Toa miba."

"Nitoe?"

"Toa. Na begi langu likatolewe kwenye bajaji, yule kijana ana shughuli zake."

Theophil alikuwa bado anang'oa miba, vidole vinamtoka damu, Yoakimu alipotokea kilimani amevimba kwa hasira.

"Miba ya nini? Ulitaka kunilemazia ng'ombe?"

"Nyamaza wewe," alisema Theophil, anacheka peke yake. "Kesho umlete mapema."