Mashimo ya Nyenga

Mimi ndiye niliyesema nyenga wauawe. Nilisimama katika kikao cha akina mama hapa Bodo nikapiga kelele mpaka koo likaniwasha: hawa samaki taa wenye mwiba mkiani wanatumalizia kombe, chaza wetu wa mchangani! Si mnayaona mashimo yao mchangani maji yakitoka? Wao wachimba, wao wala, sisi twarudi na ndoo tupu. Wifi yangu Twaiba, dada yake mume wangu, alitaka kusema kitu. Nikamwambia anyamaze, yeye na upole wake.

Mume wangu Jaafar na wenzake wakatega jarife, ule wavu wa macho makubwa. Nyenga wakaletwa wengi, tukawa twawapasua uani, kila mwanamke na kisu chake. Wa kwanza nilimtumbua kwa pupa, nipate kuwaonyesha watu kombe wetu. Lo! Ndani mna kaa wadogo, minyoo, na konokono wale wanaotoboa kombe na kuwanyonya. Kombe mwenyewe, mmoja tu. Nikapasua wa pili, wa tatu, vivyo hivyo. Nikawatupia kuku yale matumbo upesi upesi. Ningesema nini, mimi niliyekuwa nimetukana watu?

Nikanyamaza, na nyenga wakaisha. Mwaka wa pili tukawa twaokota makombe matupu, kila moja lina kitundu cha kupita sindano, kazi ya wale konokono. Mchanga nao, kwa kuwa hapana wa kuuchimbua, ukashikamana, ukawa mweusi chini, ukanuka.

Hapo ndipo mashimo yalipoanza kunitokea.

Ilikuwa asubuhi peupe, maji yametoka mbali, niko peke yangu. Nikaona shimo pana kama sinia, maji yake bado yametibuka, maana yake nyenga ametoka sasa hivi. Nilifurahi, wallahi! Nikatia mikono yote miwili. Hamna kitu. Mbele yake lipo jingine, limetibuka vilevile. Na jingine. Nikayafuata mpaka mkondoni, nikashtukia maji yako kifuani. Kesho yake nikamvuta Twaiba aje aone. Mchanga umelala sawa, hauna hata kovu.

"Wifi, nenda kapumzike," akaniambia.

Tangu siku hiyo, kila bamvua, maji yakitoka mbali kabisa, yapo, na yaningoja mimi tu. Nimesomewa, nimefukiziwa ubani, Jaafar amenikataza pwani. Nami naenda. Kila mara yanazidi kunipeleka mbali, na naogopa ipo siku nitayafuata nisirudi.

Jana nikashindwa kuvumilia. Nikawaita wanawake wote uani kwangu, kumi na mmoja, nikasema: nyenga hawakuwa wakitumalizia kombe. Walikuwa wakila maadui wa kombe. Niliona kwa macho yangu siku ya kwanza, nikaficha. Haya, nitukaneni!

Hakuna aliyeshtuka. Eunice, mke wa Maweu aliyetega jarife na Jaafar, aliinama akitazama vidole vyake. Twaiba akajifunga leso vizuri.

"Twajua, Mwanapili," akasema. "Hata sisi tulikuwa tukipasua."

"Mlijua? Nyote? Mbona hakuna aliyesema?"

"Nani angekwambia wewe?" akauliza, bila hasira.

Nikafungua kinywa nimjibu, nikaona wote wamerudi nyuma hatua moja.