Bendera Kumi na Moja za Kereng'ende

Nyumbani kwa Mzinga, shati halikuvaliwa mpaka alipige pasi yeye mwenyewe. Mkewe alishakata tamaa ya kumsaidia tangu wakiwa maharusi. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, na kwenye vifungo ncha ya pasi inapita taratibu kama mtu anayempapasa paka asiyemwamini. Jumamosi hiyo alilipiga pasi shati lile lile mara mbili, na mkewe akaacha kuchambua mchele.

"Hilo shati limekukosea nini, baba watoto?"

"Leo kiwanda kinatoa picha."

"Ya vimeli vyenu?"

"Manowari, mama. Ma-no-wa-ri."

"Haya. Nenda na manowari yako, ila uniachie pasi ikiwa imezimwa."

Walikuwa wanne, wote wamestaafu isipokuwa Fundi Saa, ambaye alisema atastaafu siku saa zitakapoacha kuharibika. Kila Jumamosi saa tisa alasiri walikutana chumba cha nyuma cha duka lake, katikati ya saa za ukutani zisizokubaliana, wakapanga mezani manowari za chuma zisizozidi urefu wa kidole. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu, aliyefundisha jiografia mpaka sauti ikamkauka, na ndiye mtunza daftari la kanuni. Wa nne alikuwa Mkunga, mama mnene mwenye macho makali, aliyekusanya meli za hospitali tu na kuwacheka wenzake wote.

Kila mwaka kiwanda kilitoa meli moja mpya. Kabla ya kuitoa, kilituma picha ya kivuli chake, tena kipande tu, ili wakusanyaji waumize vichwa. Wakala wa kiwanda alikuwa akiletewa meli moja tu kwa ajili ya kikundi chao, na aliyekisia sawasawa ndiye aliyeichukua kwake. Waliobaki wangoje toleo la pili, ambalo lingeweza kuja baada ya miaka miwili, au lisije kabisa.

Mzinga hakuwahi kushinda. Ila kwa hadithi, hapo hakuwa na mpinzani. Kwa miaka kumi na miwili aliwaeleza alivyokuwa mpiga mizinga kwenye manowari iitwayo Kereng'ende. Mizinga arobaini na moja! Ikilia yote kwa pamoja, samaki wanaelea wakiwa wameshaiva. Siku moja, kwa kauli yake, alipiga risasi ya mzinga ikakutana na ya adui hewani, zikagongana, zikarudi kila moja kwao.

"Mbona Kereng'ende haimo kwenye kitabu chochote?" Mwalimu aliwahi kumuuliza.

"Itakuwamo vipi, Mwalimu, na ilikuwa ya siri?"

Kereng'ende ilikuwapo kweli. Ila ilikuwa kimeli cha kubebea maji matamu na kufulia nguo za manowari kubwa, na Mzinga, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye masikio kama vishikio vya sufuria, alikuwa dobi wake. Alikaa humo miaka minne. Mizinga yake ilikuwa mabeseni. Baadaye kimeli kilikatwakatwa kikauzwa chuma chakavu, na yeye hakubaki na hata picha. Hilo mkewe alilijua, na hakuna mwingine.

Sasa Fundi Saa akaitandaza mezani karatasi aliyoichapisha asubuhi ile. Wote wakainama. Ilionekana sehemu ya nyuma ya meli, nyeusi tii kama masizi, mlingoti mfupi, na kutoka mlingotini mpaka kwenye bomba la moshi kamba iliyoning'inizwa vitu kumi na moja.

"Bendera za ishara!" Mwalimu akapiga meza, meli zikaruka. "Ndugu zangu, safari hii wametupa barua nzima tuisome!"

Akafungua kitabu chake cha bendera. Fundi Saa akabana lenzi jichoni.

"Kutoka kulia, ya kwanza ya mraba," Fundi Saa akasoma. "Ya pili na ya tatu pembetatu. Ya saba ina mikia miwili."

"Mkia wa mbayuwayu!" Mwalimu akapekua kurasa. "Hiyo maana yake nimebeba baruti. Na hizi pembetatu ni namba. Na hii... nahitaji daktari."

"Kama kabeba baruti na anahitaji daktari," alisema Mkunga, "basi daktari keshachelewa."

Mzinga hakucheka. Alikuwa amekauka kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni katikati ya umati. Zile pembetatu zilikuwa soksi. Ile ya mraba ilikuwa foronya. Na ile yenye mikia miwili, ya saba kutoka kulia, ilikuwa suruali, na si suruali tu, bali suruali ya nahodha, iliyobanwa kiunoni kwa vibanio vitatu badala ya viwili. Mtu pekee aliyekuwa akibana suruali kwa vibanio vitatu alikuwa yeye.

"Mzee Mzinga, mbona kimya?" Fundi Saa akauliza. "Unaijua hii?"

"Nafikiri," akasema. Hakuwa amewahi kusema neno hilo humo ndani.

Kanuni zilikuwa wazi. Kila mtu anaandika kwenye kadi jina la meli na sababu yake, anatia sahihi, anatumbukiza kwenye kopo la majani ya chai, na Fundi Saa analifungia kabatini mpaka meli ifike. Kanuni ya nne, ambayo Mwalimu aliipigia mstari mara mbili, ilisema hivi: jina bila sababu ni kubahatisha, na sababu ya uongo inafuta jina.

Mzinga alichukua kadi yake akaenda kuiandikia nyumbani, juu ya meza ya kupigia pasi.

"Andika ukweli," mkewe akamwambia. "Si unaitaka hiyo meli?"

"Naitaka kuliko jino bovu linavyotaka kung'oka."

"Sasa?"

"Nikiandika dobi, nitaitwa nani siku kadi ikisomwa? Beseni?"

"Jina zuri. Lina nafasi."

Aliandika: *Kereng'ende. Sababu: hizo ni bendera nilizoamuru zipandishwe siku ya mapigano makali.* Akairudisha kadi dukani, akaitumbukiza koponi huku anajionea aibu kidogo, kidogo tu, kama kokoto kwenye kiatu.

Wiki sita zikapita. Jumamosi meli ilipofika, Mwalimu alikuja na tai. Boksi la wakala lilikuwa katikati ya meza, na kopo la majani ya chai pembeni yake. Mwalimu akatoa kadi na kuzisoma moja moja kwa sauti ya mtihani wa taifa.

Yake mwenyewe ilitaja manowari kubwa ya kubebea baruti, na sababu zilijaza kadi pande zote mbili mpaka ukingoni. Fundi Saa alitaja nyambizi. Alipoulizwa nyambizi itapandishaje bendera chini ya maji, alisema labda ilikuwa imetoka kupunga hewa. Kadi ya Mkunga ilikuwa fupi: *Jina silijui. Lakini hizo si bendera, ni nguo zimeanikwa. Sababu: nimelea sita, kamba ya nguo naitambua hata gizani.*

Wanaume wakacheka mpaka saa tatu za ukutani zikagonga kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mzinga alicheka kuliko wote, jasho likimtiririka mgongoni.

Halafu kadi yake ikasomwa, na Mwalimu akafungua boksi la nje. Ndani yake mlikuwa na kasha dogo jekundu limefungwa kwa gundi ya karatasi, na juu yake jina kwa herufi za dhahabu.

KERENG'ENDE.

Kelele zilizopigwa humo zilimfanya mteja mmoja wa Fundi Saa achungulie kuuliza kama kuna msiba. Mwalimu alimkumbatia Mzinga mpaka tai ikaingia kwenye chai.

"Mzee, nisamehe! Miaka kumi na miwili nimekuita mwongo moyoni, na wakati mwingine hata kwa mdomo!"

"Yamekwisha, yamekwisha," alisema Mzinga, mkono wake ukilisogelea kasha.

"Ngoja kwanza tusome kijitabu," akasema Mwalimu, maana mwalimu ni mwalimu. Akakohoa. "*Kereng'ende. Meli ya msaada. Ilibeba maji ya kunywa na kufua nguo za mabaharia wa manowari kubwa. Haikuwa na mzinga hata mmoja. Mfano huu umeigwa kutoka picha moja ya rangi iliyopigwa na daktari wa meli siku ya...*" Akasita. "*Siku ya kufua.*"

Fundi Saa akakivuta kijitabu akisome mwenyewe.

"Hee!" Mkunga akapiga makofi. "Nguo! Niliwaambiaje? Nimebeba baruti, nimebeba baruti, kumbe kabeba chupi!"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akafungua daftari. "Kanuni ya nne. Mzee Mzinga ana jina sahihi, lakini sababu yake ya mapigano makali ni ya uongo, kwa hiyo jina limefutika. Bi Mkunga hana jina, lakini sababu yake ni ya kweli tupu. Naona kwamba meli ni ya Bi Mkunga."

"Nitaiweka juu ya friji," alisema Mkunga, akilivuta kasha upande wake.

Hapo Mzinga akaona. Kereng'ende, iliyokatwakatwa mbele ya macho yake, imerudi na urefu wa kidole, na sasa inakwenda kukaa juu ya friji ya mtu asiyejua hata mlango wa chumba cha kufulia ulikuwa upande gani.

"Nilizifua mimi," akasema.

"Nini?"

"Hizo nguo. Sikuwa mpiga mizinga. Nilikuwa dobi. Miaka minne."

Wakamtazama. Kisha Fundi Saa akaanza kucheka kifuani, na Mwalimu akafuata.

"Aka, Mzinga! Umeona uongo wa kwanza umekwama, unashusha wa pili!"

"Kweli tupu!"

"Jana mpiga mizinga, leo dobi," akasema Mkunga. "Kesho utatuambia ulikuwa nanga."

Mzinga alihisi masikio yanawaka. Miaka kumi na miwili aliuza uongo ukanunuliwa wote, na leo ameleta ukweli mmoja, hauna mteja.

"Hilo kasha halijafunguliwa," alisema polepole. "Sivyo?"

Fundi Saa akaligeuza chini ya lenzi. "Gundi haijaguswa."

"Na ile picha ilikuwa kivuli kitupu, nyeusi yote. Na kijitabu hakina rangi."

"Hakina," akasema Mwalimu.

"Basi hesabuni kutoka kulia. Ya saba ni suruali ya nahodha. Nyingine zote kumi ni nyeupe, hiyo moja ni ya waridi. Kama si ya waridi, Mkunga aichukue na mimi nitamfulia mashuka mwaka mzima."

"Miaka miwili," alisema Mkunga.

"Miwili."

"Na kwa nini nahodha avae waridi?" Mwalimu aliuliza, kalamu hewani.

Mzinga akashusha pumzi. "Ile bendera yako nyekundu, Mwalimu. Ya mkia wa mbayuwayu, nimebeba baruti. Nililetewa imechafuka moshi. Mimi kwa uvivu wangu nikaitia beseni moja na nguo za nahodha, nikaenda kulala. Bendera ikachuja. Nilipoamka, maji yalikuwa mekundu kama juisi. Mashati niliyaokoa kwa kuyaloweka siku tatu. Suruali ilikataa. Nahodha hakuwa na nyingine ya sherehe, akaivaa hivyo hivyo mwaka mzima, na kila alipopita mabaharia walisimama wima wakiuma midomo wasicheke."

Mkunga mwenyewe ndiye aliyekata ile gundi, kwa kucha ya kidole gumba. Akaitoa Kereng'ende, akaiweka kwenye kiganja cha Fundi Saa. Fundi Saa akabana lenzi na kuanza kuhesabu kwa ncha ya sindano.

"Foronya. Soksi. Soksi. Shati, shati... kitu gani hiki, taulo." Sindano ikasimama. Akainua uso, lenzi bado ameibana, jicho likaonekana kubwa kama la ng'ombe. "Ya waridi."

"Lete niione!" Mwalimu akanyakua lenzi. Akatazama muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Na vibanio ni vitatu."

"Kimoja hakitoshi, viwili havitoshi," alisema Mzinga. "Alikuwa mtu wa tumbo."

Mkunga akaichukua meli, akaitua mbele ya Mzinga taratibu, jinsi alivyozoea kumkabidhi mama mtoto wake.

"Haya, dobi. Mtoto amefanana na baba. Masikio tu hana."

Mzinga hakuigusa mara moja. Aliinama akaitazama ile kamba, nguo zake kumi na moja, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele, zimepeperuka upande mmoja kama siku ile. Mwalimu alikuwa ameshainamia daftari akiandika kanuni mpya, ya kumi na tisa: kabla ya kusomwa, kila bendera ichunguzwe kama ina miguu.

"Kwa hiyo," alisema Fundi Saa kwa unyonge, akimimina chai, "ile mizinga arobaini na moja haikuwapo."

"Haikuwapo."

"Na zile risasi zilizogongana hewani?"

"Hakuna."

Kwa kweli Fundi Saa alionekana amefiwa. Mwalimu naye aliacha kuandika. Nje, mtu alikuwa anasukuma toroli lenye tairi linalolia, na mle ndani chai ilikuwa inapoa bila mnywaji. Mzinga akawatazama mmoja mmoja, akaisogeza meli yake katikati ya meza, ncha ikielekea mlangoni.

"Mizinga haikuwapo," alisema tena. "Sasa jiulizeni. Kimeli hakina mzinga, adui wametuzunguka pande tatu, nani alituokoa?" Akagonga meza kwa kidole. "Wanga."

"Mlikuwa na wachawi melini?" Fundi Saa akashtuka.

"Wanga wa kutia nguo, ndugu yangu! Ile suruali ya waridi niliitia wanga ndoo nzima, nikaianika jua la siku mbili. Ilikuwa inasimama yenyewe, bila nahodha ndani. Siku moja alfajiri nikaisimamisha pale mbele kabisa ya meli..."

"Muongo mkubwa wewe," alisema Mkunga, akivuta kiti chake karibu. "Wanga wa muhogo au wa mahindi?"