Kupunguza Watu wa Rangita

Mwalimu Cleophas wa masomo ya jioni alinirudishia hadithi yangu akiwa ameandika pembeni: "Watu milioni moja. Wanakula nini?" Alikuwa anakusanya hadithi za darasa zichapwe katika kijitabu, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Nilitaka jina langu liwemo. Nilitaka mwanangu Mokeira, atakapojua kusoma, alione.

Rangita ni mji nilioubuni mwenyewe. Malkia wake husafiri mgongoni mwa korongo mkubwa, magari hakuna, na ukuta wake wa mawe unaweza kuuzunguka asubuhi ukarudi kunywa chai. Ndani anaishi mama mmoja, Persis, katika nyumba ya ghorofa, na hajawahi kubeba mzigo. Huyo nilimpenda kuliko malkia.

Alhamisi nilikuwa sokoni Daraja Mbili nikiuza nguo za watoto za mitumba. Mokeira, ambaye meno yalikuwa yametunyima usingizi, alilala juu ya robota. Nikamweleza Luul, mama yake Janat, jirani yangu wa meza.

"Milioni?" akasema. "Hao hata choo hawana."

"Mama Janat, nisaidie, usinicheke."

"Nacheka nikisaidia. Shamba zao ziko wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Si kila mtu ana migomba nyuma ya jikoni?"

Akanitazama kama nimemuuliza bei ya mvua. "Ndani ya ukuta? Wewe kweli ni wa Nyamira. Kwetu Garissa ukipita nyumba ya mwisho, mji umeisha. Ni mchanga tu."

Nyumba ya mwisho sikuwahi kuiona. Toka hapa hadi kwetu Kebirigo boma linapakana na boma, chai na ndizi katikati, na hakuna mahali utasimama useme mji umekoma. Ndivyo nilivyoijenga Rangita bila kujua, kisha nikaibana yote ndani ya ukuta mdogo.

Basi migomba nikaitoa nje. Niliwatazama wanawake wakishusha mikungu. Kule Rangita pasipo lori, ndizi huja kwa kichwa, na aliyebeba lazima arudi kwake kabla ya giza. Kwa hivyo mashamba hayawezi kuwa mbali, na mashamba ya karibu hayalishi milioni. Niliandika laki moja, nikafuta. Nikaandika elfu hamsini, nikafuta. Nikabaki na elfu ishirini.

"Wengine umewapeleka wapi?" Luul akauliza.

"Vijijini. Walime."

"Na Persis wako?"

Hapo nikachoka kabisa. Lazima mtu abebe. Ningemwacha ghorofani, lakini kila mkungu ulipoingia langoni nilimwona yeye chini yake, shingo imenyooka, mtoto mgongoni.

"Mtoe ghorofani," Luul akasema taratibu. "Lakini mpe njia fupi."

Ijumaa jioni Mwalimu alisoma akiwa amesimama, nami nikimbembeleza Mokeira mlangoni.

"Elfu ishirini," akasema. "Hao watashiba. Lakini, Phanice, huyu Persis ulikuwa umemtunza vizuri. Mbona sasa anabeba ndizi?"

"Asipofika langoni, Mwalimu, hakuna anayekula."

Akarudi kwenye ukurasa wa kwanza.

"Hukuandika jina. Andika hapa juu, lisomeke."

Nikaandika polepole, Mokeira akining'ang'ania kalamu.