Mkono Uliovunjwa Kila Jumapili

Fundi wa kuchomelea waliyemwita Cheche alijaliwa sauti ya kusimulia. Akishika kipaza sauti kanisani, hata watoto watundu wa viti vya nyuma walitulia. Ushuhuda wake wote waliujua: jinsi pombe ilivyomtawala, jinsi alivyorudi nyumbani jioni moja akiwa chakari, akamsukuma mkewe kwenye geti alilolichomelea kwa mikono yake mwenyewe, mkono wa mama wa watu ukavunjika. Hapo alinyamaza kidogo. Kisha akaendelea: mke akaenda kuishi kwa kaka yake, nyumba ikapoa, Bwana akamwita, pombe akaiacha. Wanawake walifuta machozi. Mchungaji aliitikia amina ndefu.

Asichokisimulia ni kwamba mke hakurudi kwa kusikia tu habari za wokovu. Alikaa kwa kaka yake mpaka akajionea mwenyewe kwamba mtu amebadilika, akarudi kwa masharti yake. Shemeji naye akatamka mbele ya watu kwamba Cheche akimnyanyulia tena mkono dada yake, basi, ndoa imekwisha. Cheche hakumnyanyulia tena. Walilea binti yao mpaka akawa mtu mzima, wakazeeka kidogo, na kila Jumapili Cheche akaitwa mbele.

Mwenyewe alikuwa amechoka, ingawa hakumwambia mtu. Jumamosi ikifika moyo ulikuwa mzito, maana ili asimulie vizuri ilimbidi arudi palepale getini, ausikie tena ule mfupa ukivunjika. Lakini aliamini huo ndio wajibu wa aliyeokoka, asisahau alikotolewa. Aliogopa kwamba akinyamaza ataonekana amejisamehe mwenyewe. Yeye nani hata ajisamehe?

Mkewe, fundi cherehani, alianza kuumwa kichwa siku za Jumapili. Siku alizokwenda ibadani alikaa karibu na mlango. Cheche aliliona hilo, akadhani ni uchovu wa kushona.

Kisha wazazi wa mchumba wa binti yao wakaja kuwatembelea, wakaenda nao ibadani. Mchungaji kwa furaha zake akamwita Cheche, na Cheche akasimulia kama kawaida yake. Baadaye nyumbani, wakati wa chakula, mama wa yule kijana, mwanamke mpole asiye na ubaya wowote, akaushika mkono wa mwenyeji wake, akaugeuza taratibu kuelekea dirishani.

"Ndio huu?" akauliza.

Binti akainamisha uso. Mke wa Cheche akajibu kwamba ndio huo, akaishusha mikono ya gauni lake mpaka viganjani, akaendelea kupakua.

Kesho yake mchana mke alikuja karakana kwa mumewe. Cheche akazima mashine, akavua kofia ya kujikinga macho, akamsogezea kigoda. Mke hakukaa.

"Baba watoto, nimechoka."

Cheche akaanza kusema kwamba apunguze basi kupokea nguo za watu. Mke akamwacha amalize.

"Sijachoka kushona. Nimechoka kuvunjwa mkono. Ulinivunja mara moja, nikakusamehe, na unajua nimekusamehe. Sasa unanivunja kila Jumapili, mbele za watu, na watu wanaitikia amina."

Cheche alijitetea. Alisema anayemtukuza ni Mungu, na kwamba hawezi kujifanya hakutenda alilolitenda.

"Sijakuambia ujifanye. Hebu nijibu. Si unasema dhambi ile ilifutwa?"

"Ilifutwa."

"Sasa kama ilifutwa, wewe unaisoma wapi kila wiki?"

Mke aliendelea kwa sauti ileile ya kuchoka. "Unaogopa wewe. Unaona ukinyamaza Mungu atabadili mawazo. Kama amekusamehe, kubali, ukae na habari hiyo. Mimi nimeshakaa nayo zamani." Akageuka, akavuka barabara kurudi kwenye cherehani yake.

Cheche alikwenda kwa mchungaji kumwomba asimwite tena. Mchungaji alisikitika, akasema ushuhuda ule umewatoa wengi gizani, na kwamba si vizuri kuficha matendo ya Mungu.

"Mchungaji, kisa hiki ni cha watu wawili," Cheche akamwambia. "Mmoja wao sijawahi kumwomba ruhusa."

Mchungaji akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mwishowe akakiri kwamba hata yeye hakuwahi kumuuliza mama yule.

Jumapili iliyofuata Cheche alikaa karibu na mlango, ubavuni mwa mkewe. Mke hakutabasamu, alisogeza tu mkoba ili ampishe. Ibada ilikuwa ndefu, na mikono ya Cheche haikujua pa kukaa. Kule mbele alikuwa mkosaji mkubwa, mtu wa kusikilizwa. Huku nyuma alikuwa mtu aliyesamehewa tu, sawa na muuza mkaa aliyekuwa anasinzia kiti cha pembeni, na jambo hilo lilimshinda kumeza. Alirudi nyumbani hoi, kana kwamba amebeba vyuma siku nzima. Ilimchukua Jumapili nyingi kuzoea.

Baada ya miezi kadhaa dereva wa gari la mikate aliingia karakana bila kazi yoyote ya kuchomelea. Alizungukazunguka, akashikashika vyuma, ndipo akasema mkewe amelazwa hospitali na kwamba yeye amewaambia madaktari kwamba ameanguka mwenyewe. Alikuwa amewahi kumsikia Cheche kanisani.

Cheche akamwomba asubiri. Akavuka barabara, akamweleza mkewe, akamuuliza kama anaruhusu amsimulie.

Cherehani ikasimama. Mke alifikiri huku akiukunja na kuukunjua ule mkono.

"Msimulie. Ila usiishie pale ulipookoka. Mwambie mkono haukunyooka, na baridi ikija unauma. Mwambie pia mkewe akitaka kwenda kwao, asimzuie."

Cheche alirudi, akaketi, akasimulia kwa sauti ya chini, bila kunyamaza pale alipozoea kunyamaza. Aliyasema yote aliyotumwa. Dereva akauliza kama kweli Mungu alimsamehe.

"Alinisamehe. Mimi ndiye niliyechelewa kuamini, ndiyo maana nilikuwa napiga kelele. Na mkono wa mke wangu bado unauma. Yote mawili ni kweli."

Dereva hakuahidi kitu. Aliomba tu asindikizwe hospitali akawaambie madaktari ukweli, kwa sababu peke yake angeishia njiani. Cheche alikuwa amesimama kazini tangu asubuhi na miguu ilimwaka moto. Alitamani kitanda. Akavaa shati safi, akafunga karakana, wakaondoka pamoja.