Madina Yenye M Kubwa

Bi Zamaradi aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, juu ya meza iliyojaa vipeperushi, akaniomba radhi.

"Mwanangu Mwita, kama iko siku nilikukosea, kwa neno au kwa kununa, nisamehe. Jumamosi nasafiri."

Bintiye alikuwa amemleta kutoka Woodbridge hadi kwenye ofisi yetu ya safari hapa Annandale, Marekani, kwa ajili ya hayo tu. Mdomo wangu haujui kukaa kimya. Nikamwambia, "Bibi, unakwenda Moroko siku nane, huendi vitani. Kosa lako ni moja: siku ulipojiandikisha uliniletea visheti vichache."

Akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Alipourudisha kichwani, macho yalikuwa yamelowa.

"Cheka tu. Mtu haendi kumzuru Mtume huku kaacha vinyongo nyuma. Nimeizunguka Virginia yote. Hata mke wa mwanangu nimempigia magoti, na mwaka wa sita huu hatusemezani."

"Kumzuru Mtume?"

"Si umeandika mwenyewe? Siku ya tatu."

Alipotoka nikakichukua kipeperushi nikakisoma kama mtu anayesoma matokeo yake ya mtihani. Kweli niliandika mwenyewe. Respicius, mwenye ofisi, alinipa karatasi ya Kiingereza kuhusu mji wa Fez, akaniambia niigeuze iwe Kiswahili kitamu. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, sasa asubuhi nasoma chuo, mchana napokea simu. Moroko sijafika, hata Baltimore sijafika. Lakini niliupamba ule mji kama bibi harusi. Lango la Bab Bujlud, samawati kwa nje, kijani kwa ndani. Madimbwi ya kutia ngozi rangi, ambako mgeni hupewa majani ya nanaa ayashike puani asije akazimia. Msikiti wa Karawiyyin, ulioanzishwa na mwanamke miaka elfu na zaidi iliyopita. Na siku ya tatu: "Tutaingia Madina, tupite vichochoro visivyojua gari, hadi kwenye kaburi tukufu la mtu wa damu ya Mtume."

Mmoroko akisema medina, anamaanisha mji wa kale ulio ndani ya kuta. Mswahili akisikia Madina, anaona kuba la kijani na machozi yanamtoka. Mimi, mtoto wa Kisabato kutoka Tarime, neno lilinipendeza mdomoni, basi.

Niliingia kwa Respicius bila kubisha hodi.

"Bosi, yule bibi anadhani anakwenda Madina."

Hakuinua kichwa. "Anakwenda. Medina ya Fez."

"Unajua ninachosema!"

"Nimejua tangu wiki ya kwanza, bwana mdogo. Ulidhani simu zinalilia nini? Nani atoke Landover akanuse ngozi? Watu kumi na wanne, tisa ni akina mama wa msikitini. Watakuta misikiti kila kona, wataswali, watafurahi. Kama pameandikwa Saudia, nionyeshe."

Alisema kwa upole, kama daktari, na upole ule ndio ulionichoma. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Huyu alikuwa amekaa wiki tano anawaangalia wazee wakiingia na kutoka, anawaamkia shikamoo huku akijua wanajiandaa kwa mahali wasipokwenda.

"Unavyonuka wewe, hata nanaa haitasaidia," nikamwambia. "Na ile M kubwa umeipachika makusudi! Mimi niliandika ndogo."

"Rasimu yako imo kwenye kabati. Katazame."

Nikalivuta lile kabati kwa kishindo, ili Adela wa mapokezi ajue leo kuna mtu anaumbuliwa. Na kweli aliumbuliwa. Hati ilikuwa yangu. M ilikuwa yangu, kubwa, nimeipinda mkia kama ya kadi ya harusi. Ngumi nilikuwa nimeshaikunja. Sasa sikujua nimpige nani.

Nikamwambia Adela naenda Woodbridge. Alinirushia funguo za gari lake.

Woodbridge nilimkuta Bi Zamaradi chumbani, kanzu mbili nyeupe zimetandazwa kitandani. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, taratibu, mimi ni mzee." Nikarudia mara ya tatu.

"Kwa hiyo mmetuchezea."

"Bibi, mimi sikujua. Bosi ndiye aliyejua akanyamaza."

"Mwandishi nani?"

Nikaanza kumweleza habari za ile karatasi ya Kiingereza.

"Nimekuuliza, mwandishi nani?"

"Mimi."

Nikaongeza haraka, "Nitampigia Respicius, bibi, atakurudishia..."

"Sikuulizi habari za tiketi!" Aliipaza sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na mjukuu wake huko sebuleni akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Bi Zamaradi aliingiza mkono chini ya mto akatoa daftari la shule. "Humu mna salamu za watu arobaini na mmoja. Kila mmoja kanituma kwa Mtume. Nimewaahidi nitazisoma jina kwa jina, nimesimama mbele yake. Huyu anaomba mtoto. Huyu hospitali wamemwambia hatoki tena, kanishika hapa, kanifinya, kasema usinisahau. Nikamsomee nani, Mwita? Wachuna ngozi?"

Nilitafuta mzaha. Naapa niliutafuta, kama mtu anayepapasa ukutani kutafuta swichi. Hapakuwa na kitu.

Akaivuta simu juu ya kitanda, waya ukizikunja zile kanzu, akafungua ukurasa wa daftari na kubonyeza namba moja moja, akihakiki kila moja kwa kidole. Nikadhani atasema yeye. Akaninyooshea mkono wa simu.

"Sema wewe. Maneno si yako?"

Ikaita mara nne. Kisha mtu akavuta pumzi kwa shida, na sauti nyembamba ya mwanamke, imejaa furaha hata inatetemeka, ikasema:

"Zamaradi! Mbona nakusikia karibu hivi? Umeshafika?"