Mthamini wa Sinema ya Attarin

Nagwa alikuwa mthamini wa majengo hapa Aleksandria, na ndugu wawili walimwita awaambie jumba la sinema la marehemu baba yao, mtaa wa Attarin, lina thamani gani. Kaka, Tharwat, alitaka liuzwe, livunjwe, pajengwe ghorofa. Dada yake, Ihsan, hakutaka hata kulisikia neno hilo. Walikuwa hawasemezani tangu matanga ya baba, na siku ile kila mmoja aliingia kwa mlango wake.

"Mwambie huyo bwana paa halivuji," Ihsan alisema.

"Muulize huyo bibi popo wameingilia wapi. Wamekata tiketi?"

Nagwa hakumwambia wala kumuuliza mtu. Alipima kuta, akagonga nguzo, akachungulia chini ya viti vya mahameli vilivyoliwa na panya. Kiwanja kitupu kingeuzwa ghali kuliko kiwanja chenye jumba, na hilo lilimsononesha. Lakini jengo huthaminiwa pia kwa kazi linayoiweza, naye alitaka kujua kama ukumbi ule bado unabeba sauti. Akamwomba Ihsan apande jukwaani, na Tharwat akakae safu ya nyuma kabisa, kule juu.

"Sema chochote, Bi Ihsan. Usipaze sauti. Ongea kama uko jikoni kwako."

Ihsan alisimama akipapasa mkoba wake. Mwishowe akasema, "Tharwat, umekonda. Nani anakupikia tangu mkeo afariki?"

Nagwa, aliyekuwa katikati ya ukumbi, aliinamisha kichwa.

"Napika mwenyewe," sauti ikashuka kutoka juu, shwari. "Maharage kila siku. Yanaungua." Kisha ikaongeza, "Hukuja kumzika."

"Nilikuja. Nilisimama nje ya lango. Niliogopa utanifukuza."

Tharwat alichelewa kushuka ngazi. Alipofika chini macho yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi.

Nagwa aliwaeleza bila kuficha: wakivunja watapata zaidi, wakilibakiza, ukumbi unafaa sana kwa muziki na maigizo, ila faida itakawia.

"Na paa?" Tharwat akamuuliza dada yake moja kwa moja.

"Linavuja kidogo," Ihsan alikiri. "Twende ukale kwanza."

Mwaka uliofuata walilikodisha kwa kikundi cha wanamuziki. Mapato hayakuwa makubwa, na Tharwat alilalamika kila Ijumaa, mezani kwa Ihsan, huku akiongezewa mchuzi.