Bwato Juu ya Mayai

Kisanduku changu kilichora mayai mahali palipotakiwa maji. Hilo ndilo lilikuwa tatizo, na siku zilibaki tisa.

Mimi ni Félix, fundi simu hapa sokoni Kashikishi. Kisanduku nilikitengeneza mwenyewe: ndani simu kuukuu yenye mtandao, chini printa ndogo ya risiti, juu kitufe kimoja. Unabonyeza, unasema unachotaka, mashine inabuni picha, karatasi inatoka. Kinashikika kwa mkono mmoja. Kioo cha simu nilikifunika makusudi, maana kidole chenye mafuta ya samaki hakisikilizwi na kioo.

Mwenye haraka alikuwa Mama Laurentine wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Yeye na wenzake kumi na watatu wanakausha chisense, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwafunga kwenye pakiti. Chisenga, mwenye duka pale Nchelenge, alikuwa amewaambia kwamba pakiti isiyo na picha haipandi kwenye rafu yake, na kwamba Ijumaa ya wiki ijayo rafu hiyo atampa mtu mwingine.

Basi mama akabonyeza, akasema, "Bwato juu ya mayi, na samaki mingi."

Karatasi ikatoka. Bwato, yaani mtumbwi, zuri kabisa, limekaa juu ya rundo la mayai kama linaatamia.

"Papa Félix, ni nini hii?"

"Bwato."

"Bwato naona. Kuku iko wapi?"

Sampa, anayeuza nyavu meza ya pili, alicheka mpaka akashika nguzo. "Awe, ba Félix! Ngoja siku makumi mbili na moja, itatotoa bwato kidogo-kidogo!"

Nilielewa upesi. Sisi watu wa Katanga tunasema mayi. Mashine ilifundishwa na watu wanaosema maji, kwa hiyo iliposikia mayi ikadhani mayai. Nikamwomba mama aseme maji.

"Mi nilizaliwa Pweto," akasema. "Nilikunywa mayi, nilioga mayi. Leo mashine njo itanifundisha kusema?"

Alijaribu hata hivyo. Mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili ulimi ukarudi kwao Pweto, na mayai yakatoka tena. Na huko Mantapala kulikuwa na midomo mingine kumi na mitatu.

Kosa lilikuwa langu. Nilitengeneza kitu kisha nikataka watu wabadilike wafanane nacho. Nikaondoa sauti. Nikang'oa gurudumu la redio yangu, lile linalozungushwa kwa kidole gumba, nikalipachika kwenye kisanduku, na juu yake nikagandisha alama nilizokata kwenye mpira wa patapata, yaani ndala: samaki, bwato, mawimbi, mtu. Kila alama inapeleka neno nililoliandika mimi mwenyewe. Unachagua kwa kupapasa, kitufe kinabaki cha kukubali tu.

Alama za kwanza zilikuwa ndogo mno, mama hakusikia kitu kwenye kidole. Za pili, samaki na bwato vilifanana, vyote virefu vyenye ncha. Akapata picha ya watu wanne wamempanda samaki mgongoni, wanapiga kasia.

"Na hawa bantu," akauliza, "tutaanika nabo?"

Sampa akasema wanene hao, watachelewa kukauka.

Mara ya tatu samaki nilimwekea mkia mpana, na bwato nikalitoboa shimo katikati. Mama akafumba macho. Akazungusha, akapapasa, akabonyeza. Karatasi ikatoka taratibu: ziwa, bwato, samaki wanaruka pembeni.

"Njo hii," mama akasema. "Chapa za pakiti zote."

Ijumaa asubuhi tulikuwa dukani. Chisenga akaigeuza pakiti mbele na nyuma.

"Nani alichora?"

"Mi," akajibu Mama Laurentine, akainua kidole gumba. "Na hii kidole."

Chisenga akacheka, akawapa rafu ya katikati, ile inayolingana na macho ya mteja.

Upande wangu kazi hiyo ilikula redio moja, simu mbili zilizoungua, roli nne za karatasi, siku tisa bila mteja mwingine, na patapata tatu. Mbili zilikuwa zangu. Ya tatu ni ya mke wangu Orpha, mguu wa kulia.